UZI: Kabla ya kombo, jifunze kusimama

MWENYE UZI

Salaam aleikum wadau wote, wa kisiwani na wa ng'ambo za maji.

Kila wiki humu ndani, sisi wa gemu za kupigana, maswali ni yaleyale: kombo, yaani mapigo yanayoungana hata mwenzako hawezi kukinga yanayofuata la kwanza. Nani ana kombo kali ya Kazuya wa Tekken? Kombo gani ya Ken wa Street Fighter inakula nusu ya damu? Watu wanajibu, mtu anaichukua, anakaa nayo chumbani usiku mzima mpaka vidole vinaijua, halafu Jumamosi anaenda nayo kwenye chumba cha gemu pale Majengo au Mtopanga na hapati hata upenyo mmoja wa kuitumia. Anafungwa na mtu mwenye ngumi mbili na teke moja. Anatoka akilalamika kwamba yule mwenzake anacheza mchezo wa kuchosha.

Huyo aliyemfunga ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Mombasa hii ina vijana wenye mikono myepesi mno, na inaniuma kuwaona wanakwama palepale mwaka nenda mwaka rudi. Mtu anapiga Electric, ile ngumi ya kina Mishima, ukoo wa Kazuya, mfululizo bila kukosea, pigo ambalo mshale wa mwisho na kitufe lazima vikutane ndani ya fremu moja, yaani sehemu moja ya 60 ya sekunde. Mtu huyohuyo akirukiwa hana jibu. Akisogelewa anabonyeza. Akishikwa anashangaa. Mkono anao, kinachomkosesha ni kujua asimame wapi.

Kombo ni malipo, na malipo huja baada ya kazi. Kazi yenyewe ni kumfanya mwenzako apige mahali ambapo hakufikii, wewe ukiwa unamfikia. Street Fighter II ilipotoka 1991 kombo hazikuwa kwenye mpango kabisa. Zilijitokeza zenyewe ndani ya programu, watu wa Capcom walioitengeneza wakaziona, wakaamua kuziacha. Mchezo ulikuwa tayari umeshatimia bila hizo: umbali, kukinga, kushika, kombora la moto, na ngumi ya kumpokea anayeruka. Vitu hivyo ndivyo misingi, na bado ndivyo vinavyoamua mechi leo.

Nianze na umbali, maana ndio mzizi wa yote na nitakaa hapo kwa muda.

Mchukue Ryu wa Street Fighter 6. Ana teke la kati la kuchuchumaa ambalo kila mtu analijua. Tazama ncha ya mguu wake inafika wapi, kisha jichoree mstari sakafuni hapo. Ukiwa ndani ya mstari, unaguswa. Ukiwa nje yake kwa upana wa kiganja tu, teke linapita bure, na mguu wake unabaki umenyooka mbele yako kwa muda kabla hajaurudisha. Mguu ule ni mwili wake, ukiupiga umempiga yeye. Kwa hiyo mahali pa kusimama ni nje kidogo ya mstari wa mwenzako, karibu kiasi cha kumtia tamaa, mbali kiasi cha kumkosesha.

Waliokwenda harusi wakaona kirumbizi kinachezwa watanielewa upesi. Zumari inalia, wawili wenye bakora wanazungukana. Mmoja anatoa kifua kidogo, bakora ya mwenzake inatoka, naye keshavuta mwili nyuma, na papo hapo yake inashuka. Mchezaji hodari wa kirumbizi utamjua kwa miguu kabla hujaona kazi ya mkono.

Sasa kwenye skrini mambo huzunguka hivi. Anayetupa teke mapema humkata anayesogea mbele. Anayengoja nje ya mstari humwadhibu anayetupa teke. Anayesogea mbele humla anayengoja, kwa sababu mtu aliyeganda anangoja teke haoni kama umeshafika kifuani pake na kumshika. Hakuna jibu moja. Unatakiwa ujue sasa hivi mwenzako yuko kwenye hali ipi kati ya hizo tatu, na utamjua kwa kumtazama yeye. Wengi wanamtazama mhusika wao wenyewe, na kwa kweli hapo hakuna habari mpya, mhusika wako unajua anafanya nini.

Jambo la pili ni kutembea. Narudia: kutembea, kwa miguu. Wengi wetu tunajua kuruka na kukimbia tu. Ukiruka, umeahidi, huwezi kubadili nia ukiwa hewani. Ukitembea unaweza kusimama, kurudi, kukinga, kupiga, wakati wowote. Katika Street Fighter mshale wa nyuma ndio kinga, kwa hiyo kila hatua ya kurudi nyuma umebeba ngao, isipokuwa kwa mapigo ya chini. Kwenye Tekken kuna ile hatua ya nyuma ya Wakorea, ya kuikatiza kwa kuchuchumaa kidogo na kurudi tena, haraka haraka, ili usibaki uchi kati ya hatua moja na nyingine. Watu wanajifunza ile kwa ajili ya fahari. Faida yake ni kwamba unatoka nje ya mstari wa mtu, pigo lake linakosa, unarudi kumwadhibu.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

MDAU, LIKONI

Kaka shukran kwa uzi. Lakini mimi nikisimama kungoja napigwa tu. Nikishambulia angalau nashinda moja moja. Na wanaoruka siwezi kabisa kuwazuia, nafikiri macho yangu mazito. Nishajaribu kunywa kahawa kabla ya mechi, wapi.

MWENYE UZI

Ndugu yangu, macho yako mazima. Hebu tufanye hesabu.

Gemu hizi zinakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Mtu wa kawaida akiona kitu hadi kidole kijibu ni takriban robo ya sekunde, fremu 15 hivi. Ngumi nyepesi katika Street Fighter 6 kwa wahusika wengi hutoka kwa fremu 4 au 5. Katika Tekken wengi ni 10. Hizo hakuna binadamu anayeziona akazijibu. Mabingwa kama Daigo wa Japani na Arslan wa Pakistani hawaoni, wewe pia huoni, na si aibu. Zile hujibiwa kwa kuwa mahali pazuri kabla hazijatoka.

Lakini kuruka kwa Street Fighter 6, tangu miguu inapoinuka hadi inapotua, ni takriban fremu 40, kama theluthi mbili za sekunde. Huo ni muda mrefu sana. Kinachokushinda ni kwamba akili yako ilikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa katikati ya kupanga teke, au kidole chako kilikuwa kimeshabonyeza kitufe na mhusika wako hawezi kufanya jingine mpaka amalize. Drive Impact, lile pigo zito ambalo kila mhusika analo, vilevile, inachukua fremu 26 kutoka, unaiona vizuri kabisa, na ukijibu kwa ya kwako umeshinda. Anayepigwa nayo kila mara ni yule ambaye vitufe vyake havipumziki.

Dawa yake, nenda mazoezini, mrekodi mwenzako wa kompyuta akifanya mambo mawili: mara anaruka, mara anatembea mbele na kupiga teke. Gemu iyachanganye yenyewe. Wewe kazi yako ni moja tu, kumpokea akiruka. Kwa Ryu ni Shoryuken, ile ngumi ya kupaa, na kama Shoryuken inakukataa, ngumi nzito ya kuchuchumaa. Usifanye chochote kingine. Ukishaweza, ongeza: sasa unampokea akiruka na huku unatembea kutafuta umbali. Ukishaweza na hilo, ongeza teke lako. Kidogo kidogo akili inajifunza kubeba vitu viwili bila kuangusha kimoja.

Na kuhusu kungoja ukapigwa: pale juu sikusema ugande. Aliyeganda ni chakula. Rudia ile sehemu ya hali tatu.

MAMA MWENYE CHUMBA CHA GEMU, KISAUNI

Mwanangu, mimi si mchezaji, ni mwenye chumba. Skrini nne, mpira ndio unaoniletea riziki, lakini moja nimeiweka ya Tekken. Shida yangu: watoto wanamchukua yule wa Brazili anayecheza kwa miguu, wanabonyabonya, wanawafunga wakubwa. Wakubwa wanatupa padi. Padi ni pesa. Kuna jibu la huyu mtu wa miguu au nimfungie?

MWENYE UZI

Shikamoo mama. Usimfungie Eddy, tafadhali. Amewasumbua watu tangu Tekken 3 na kwenye Tekken 8 alirudishwa Aprili 2024 kwa sababu watu wanampenda. Mtoto anayeanza na Eddy leo ndiye mchezaji wako wa kesho.

Wakubwa wako wanafungwa kwa sababu ya kinga mbovu, na hapa kuna jambo ambalo wengi humu hawalijui, kwa hiyo nalijibu kwa wote. Kinga ya Street Fighter na kinga ya Tekken zinakwenda kinyume. Street Fighter unakinga ukiwa umechuchumaa, kwa sababu mateke ya chini ni ya haraka na yanaleta kombo, ilhali mapigo ya kuvunja kinga ya chini kwa juu mengi ni ya polepole, unayaona, unasimama. Tekken ni kinyume: unakinga ukiwa umesimama. Mapigo ya kati ndiyo yanayokurusha hewani na kukumaliza, na hayo yanampiga aliyechuchumaa. Ya chini mengi yanakwangua damu tu, na yale mazito ya chini, kama lile teke refu la Bryan liitwalo Snake Edge, ni ya polepole kiasi cha kuonekana. Ukilikinga, yeye ndiye anayerushwa.

Basi mwambie mkubwa anayetupa padi: simama, kinga, kubali kukwanguliwa miguu mara moja mbili. Mtoto anabonyeza bila kujua kamba yake ya mapigo inaishia wapi. Wewe ijue. Kila kamba ina mwisho, na mwishoni wengi wanabaki na deni la fremu, yaani ukikinga, wewe unaweza kupiga fremu kadhaa kabla yao. Akibaki na deni la fremu 10 au zaidi, ngumi yako ya fremu 10 inampata kwa lazima, hana namna ya kukinga. Akibaki na deni la 15, wahusika wengi wanaweza kumrusha hewani. Teke la kuruka ambalo wengi wanalo, watoto wanalipenda mno, ukilikinga kwa wengi lina deni la 13. Mkubwa ajifunze adhabu mbili tu, ya 10 na ya 15, na azitumie kila mara bila kukosa. Mtoto ataona kwamba kila akibonyeza analipa, naye ataanza kufikiri. Hapo umeshapata wachezaji wawili.

Kwa biashara yako mama, nina mawili. La kwanza, kulipia kwa mechi na mshindi kubaki kunapendeza, kunaleta kelele na watazamaji, lakini kunamfundisha mtu hila. Ukiwa na mechi moja ya kulipia na foleni nyuma yako, hujaribu kitu kigeni, unatumia lile teke lililokufaa jana. Tenga saa za alasiri zisizo na watu, ile skrini moja ikodishwe kwa saa. Wawili wakae, wacheze na mtu yuleyule hadi mmoja ashinde mechi kumi. Katika mechi ya nane ndipo mtu anapoanza kumwelewa mwenzake.

La pili, televisheni. Televisheni nyingi zinaisafisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachelewesha. Ikichelewa milisekunde 50 umeshapoteza fremu 3, na hata uwe hodari namna gani zile fremu hazirudi. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Haigharimu kitu.

MZEE, BONDENI

Nyinyi vijana mna raha, mna mazoezi ndani ya gemu, mna hizo fremu zimeandikwa. Sisi tulikuwa tunasimama mbele ya mashine, sarafu ikiisha umetoka. Swali langu, mwanangu: mbona basi wengine walikuwa mabingwa bila kujua hata neno fremu? Mimi nasema ni kipaji. Yule Mjapani aliyepangua mapigo yote ya Chun-Li, utamfundisha nani hilo?

MWENYE UZI

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu mlivyocheza, na naamini mlikuwa na kitu sisi hatuna: mlitazama. Mlisimama nyuma ya mchezaji, mkasoma, kabla sarafu yenu haijaingia. Hilo ni zoezi, na ni zoezi zito.

Kuhusu Daigo Umehara, tuitazame ile mechi vizuri kwa sababu watu wanaitumia kuthibitisha kipaji na mimi naona inathibitisha misingi. Ilikuwa Evo, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya 2004, California, gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo ana Ken, Justin Wong ana Chun-Li. Damu ya Ken imebaki uzi, kiasi kwamba hata akikinga lile pigo kuu la mateke, makwaruzo yake yangemmaliza. Namna pekee ni kupangua, yaani kusukuma mbele wakati uleule pigo linapogusa, na mapigo ni 15.

Watu wanakumbuka yale 15. Mimi naomba tutazame sekunde za kabla. Daigo anajongea na kurudi pale ambapo Justin anaweza kushawishika kulitoa. Anajua hali ya mwenzake: anaongoza, ana nguvu imejaa, anataka kumaliza bila kuhatarisha. Pigo la kwanza, kwa ukaribu ule, haliwezi kungojwa mpaka lionekane. Lazima awe ameshalitarajia. Kwa hiyo alisoma umbali, akasoma nia ya mtu, ndipo mikono ikafuata. Na yale mapigo yenyewe yana mdundo wake wa kudumu, ambao mtu anaweza kuujifunza nyumbani na wengi baadaye waliujifunza. La mwisho alilipangua akiwa hewani, ili ateremke na kombo ya kummaliza. Hiyo ni hesabu iliyopigwa huku ukumbi mzima unapiga kelele.

Naye hakuchukua ubingwa siku ile. Alifungwa fainali. Sijasikia mtu akimvunjia heshima kwa hilo.

Kipaji kipo mzee, sikatai. Kinaharakisha. Lakini kijana wa Changamwe asiye na kipaji anaweza kujifunza kusimama nje ya mstari wa teke, na akishajua, mwenye kipaji asiyejua atapata tabu naye.

MDAU, NYALI

Bro na heshima zote, hayo ya kutembea na kungoja yamepitwa. Tekken 8 ni ya kushambulia. Ukikaa nyuma unaliwa na Heat, ile hali ya nguvu za ziada. Mimi niko mtandaoni kila usiku, naona. Anayeanza kupiga ndiye anayeshinda.

MWENYE UZI

Nakubali nusu, na nusu hiyo nailalamikia kama wengi. Bandai Namco, wenye Tekken, walisema wazi kwamba Tekken 8 ya 2024 wanaitaka iwe ya kushambulia, na Heat inampa anayeshambulia faida kubwa, hata makwaruzo ya damu juu ya kinga. Kurudi nyuma raundi nzima kama tulivyofanya kwenye Tekken 7 hakulipi tena. Sawa.

Lakini tazama nani anashinda. Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alishinda Evo Japan kule Fukuoka Februari 2019, kisha Evo ya Las Vegas Agosti mwaka huohuo, zote kwenye Tekken 7. Akaichukua tena Las Vegas 2023. Gemu ikabadilika, Tekken 8 ikaja na mashambulizi yake, akaichukua tena 2024. Kombo zake za Tekken 7 hazikumfaa kitu mwaka ule. Kilichovuka naye kutoka gemu moja hadi nyingine ni kinga, adhabu, na kujua zamu ni ya nani.

Hilo la zamu ndilo jibu la Heat yako. Pigo lako likikingwa, ama umebaki na faida, ama deni. Ukiwa na deni la fremu 3 na wote mkabonyeza ngumi ya fremu 10, yake inafika kwanza, wakati wote, hakuna bahati hapo. Mshambuliaji wa mtandaoni anayekula watu kila usiku anaishi kwa zamu zisizo zake. Anapiga, anabaki na deni, anapiga tena, na wewe kwa woga humwadhibu. Mwadhibu mara mbili, uone anavyonyamaza. Na siku ukiona anayeshambulia kwa zamu zake halali, na akisimama anasimama kwa sababu, huyo ana misingi pia, sema misingi yake ina kasi.

Na kuna jambo kuhusu Arslan ambalo nataka watu wa Mombasa walisikie. Hakutoka mahali penye mashirika makubwa wala wafadhili. Hata kufika Japani mara ile ilikuwa safari ya taabu, viza na ndege za kuunganisha. Aliposhinda alisema nyumbani wapo wengine wa kiwango chake, na walipotazamwa ikawa kweli. Walikuwa wamekaa chumba kimoja wakifungana miaka. Kisiwa hiki kina watu wa kutosha kufanya jambo hilohilo, na Kenya imeshatoa mfano: Sylvia Gathoni, QueenArrow, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018.

Kuhusu mtandao kwa ufupi. Kebo ya chini ya bahari ya TEAMS iliyoanza kazi 2009 inatoka hapa Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, kama kilomita 5,000. Nuru ndani ya nyuzi zile huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 50, fremu 3, kabla ya kuongeza vituo vya njiani. Kwa hiyo ukitafuta wapinzani wa nje, jaribu Ghuba kwanza kabla ya Ulaya. Rolibaki ya gemu za sasa inakisia mwenzako atabonyeza nini na kujirekebisha ikikosea, inasaidia sana, ila haiifupishi bahari. Na tumia waya, bwana. Waifai ya sebuleni na ukuta wa mawe katikati, unalaumu gemu bure.

DADA, TUDOR

Kaka mimi ni mgeni kabisa, nimeanza Street Fighter 6 mwezi huu. Natumia ile mitindo rahisi ya Modern, na ndugu zangu wananicheka kwamba nadanganya. Nibadilishe?

MWENYE UZI

Karibu sana dada. Usibadilishe kwa ajili ya kuchekwa. Modern iko ndani ya gemu kwa wote, na ina bei yake: Shoryuken ya kitufe kimoja hutoa asilimia 80 tu ya damu, na baadhi ya mapigo huna. Unachopata ni kwamba vidole havikuzuii kufikiri, na kwa anayeanza hiyo ni zawadi kubwa. Umbali ni uleule, kinga ni ileile, mstari wa teke la Ryu uko palepale. Mpokee kaka yako akiruka, kila akiruka, mpaka aache kuruka. Atakapoanza kutembea ndipo mchezo wenu utakapoanza.

MDAU, LIKONI

Kaka nimesoma yote mara mbili. Sasa nipe kazi. Nina saa moja usiku baada ya kuvuka feri, siku nyingine hata hiyo sina. Nianzie wapi?

MWENYE UZI

Chagua mhusika mmoja na usimwache, hata ukifungwa wiki nzima. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na anayebadili mhusika kila akifungwa hajui kamwe kama kosa ni lake au la mhusika.

Dakika kumi za kwanza, lile zoezi la kumpokea anayeruka. Usiliruke hata siku unayoona unaliweza.

Kisha ingia mechi, na mechi za usiku huo ziwe na lengo moja nje ya kushinda. Leo: sirushi pigo lolote nikiwa mbali kiasi cha kukosa. Kesho: nikikinga pigo lenye deni, naadhibu. Keshokutwa: nikisogelewa, nategemea kushikwa na natengua, kwa Street Fighter ni kwa vitufe vilevile viwili vya kushika. Utafungwa zaidi mwanzoni. Acha ufungwe, hesabu lengo tu.

Dakika za mwisho, tazama mechi moja uliyofungwa. Moja inatosha. Usitazame kombo uliyopigwa, rudisha nyuma hadi sekunde mbili kabla ya pigo la kwanza la kombo ile. Ulikuwa umesimama wapi? Ulikuwa unabonyeza nini? Jibu liandike kwenye simu. Baada ya wiki mbili hivi utaona sentensi moja inajirudia, na hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi. Kama uko kwenye Tekken 8 una bahati zaidi, ile rekodi unaweza kuisimamisha, ukachukua padi palepale na kujaribu jibu jingine dhidi ya shambulio lilelile.

Siku ambayo huna saa, kaa na simu kwenye feri utazame mechi ya mabingwa, lakini mtazame mmoja tu, na macho yawe miguuni.

MDAU, LIKONI

Shukran sana kaka. La mwisho: Ryu au Ken?

MWENYE UZI

Ryu. Ken ana lile teke la kukimbia, litakutia tamaa ya kuvuka umbali kabla hujaujua. Ryu atakulazimisha utembee. Ukishakuwa na rekodi ya mechi uliyofungwa iweke hapahapa kwenye uzi, andika na dakika ya pigo lililokuuma, tuitazame pamoja.